Ngazi Tisini na Sita

Yule binti alikuja karakana asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya winchi namba tatu, grisi imenifika viwikoni. Nilichoona kwanza ni viatu. Viatu vya ofisini. Nikajua shari imekuja kwa miguu yake.

"Shikamoo, mzee."

Niliiacha shikamoo yake ining'inie hapo juu. Viatu vya namna ile nawajua wenyewe. Ndio waliomshusha mke wangu mnarani wakamtia chumba cha barafu kupanga makreti ya samaki, na miezi saba baadaye mimi nikamtia ardhini.

"Natoka kituo cha hali ya hewa. Mimi ndiye ninayerusha lile puto la kupimia hewa kila siku."

"Hapa tunatengeneza winchi. Puto likitoboka kalishone kwa fundi cherehani."

Akacheka kidogo. Sikuwa nimefanya mzaha.

"Nimekuja kwa habari ya marehemu mke wako, mzee. Zile taa alizoziona."

Nikatoka chini ya winchi, nikafuta mikono taratibu ili apate muda wa kubadili mawazo. Hakubadili. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kabana faili kwapani, jasho linamtoka puani. Kwenye mfuko wa shati ana kalamu tatu. Watu wenye kalamu tatu sijawahi kupata heri kwao.

Nieleze kwanza, maana si kila mtu alikuwepo. Mwisho wa gati letu kuna mnara, na ndani yake ngazi za chuma zinazozunguka, tisini na sita. Mke wangu alikuwa mlinzi wa zamu huko juu miaka kumi na minne. Anakaa na darubini kuanzia saa kumi jioni, anaandika kila taa inayoonekana baharini. Akiona taa asiyoijua anabonyeza kengele na boti ya uokoaji inatoka. Sheria ndivyo ilivyo, mlinzi haulizwi kama ana hakika. Mwezi mmoja, miaka mitatu iliyopita, alibonyeza mara nne. Mara nne boti ikatoka, ikazunguka, ikarudi mikono mitupu. Nahodha wa boti, jitu moja tunaloliita Mluzi kwa sababu haliwezi kupita mahali bila kupiga mluzi, likaanza kumwita Mama Mataa. "Mama Mataa, leo umetuwashia ngapi?" Gati zima linaangua kicheko.

Sheria inasema taarifa ya mlinzi ihakikiwe na mkubwa wake. Haisemi ihakikiwe kutoka wapi. Mkuu wa gati, ambaye sisi wa chini tunamwita Bwana Muhuri kwa kuwa hata karatasi ya kufungia maandazi akipewa ataigonga, alikuja akasimama gatini, mikono mgongoni, tumbo mbele, akaitazama bahari dakika tano. "Hakuna kitu," akasema. Akarudi ofisini akaandika kwa wino mwekundu: Mlinzi si wa kuaminika. Paa! Muhuri juu yake.

Maneno manne. Kila mtu aliyefungua faili lile baadaye alianzia hapo. Mke wangu alipougua kifua kule kwenye barafu, akaomba ahamishwe, aliyesoma barua yake alisoma kwanza yale maneno manne.

"Sema ulilojia," nikamwambia binti.

"Nadhani najua zilikuwa taa gani. Au tuseme, najua ni kwa nini zilionekana."

"Hata mimi najua. Meli za wakubwa zenu. Zinakuja kukomba samaki huko nje, mke wangu akaziona, akafungwa mdomo."

Miaka mitatu nilikuwa nalala na kuamka na jambo hilo. Lilinishikilia kama mkanda wa suruali.

"Hapana, mzee. Hakukuwa na meli yoyote. Ni hewa."

"Hewa!"

"Miezi ile maji yetu yanakuwa ya baridi sana. Hewa inayoyagusa nayo inapoa. Halafu jioni hewa ya joto inatoka nchi kavu, inakuja kulala juu ya ile ya baridi, kama blanketi. Kama hakuna upepo wa kuzikoroga, zinatulia hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka. Sasa mwanga ukipita humo hauendi umenyooka. Unapinda kuelekea chini, unaufuata mgongo wa bahari. Taa iliyo mbali, ambayo siku zote imefichwa nyuma ya upeo, siku hiyo inaonekana imeinuka. Tena inavutika, inagawanyika, nyingine inageuka miguu juu kichwa chini. Watu wanaita mazigazi, lakini..."

"Ishia hapo." Nilihisi masikio yanawaka. "Umevaa viatu, umepanda gari la serikali, umekuja mpaka chini ya winchi yangu, kuniambia mke wangu aliona mazigazi?"

"Mzee, taa yenyewe ni ya kweli kabisa! Ni mahali pake tu ndipo..."

"Muhuri alisema hakuna kitu. Wewe unasema hewa. Nipe tofauti."

Akatoa karatasi kwenye faili akaiweka juu ya benchi, akaikandamiza kwa spana yangu isipeperuke. "Ni siku nne ambazo puto langu lilikuta hewa ya namna hiyo mwezi ule. Nimesikia marehemu alikuwa na daftari lake la nyumbani. Kama tarehe zinafanana, nitafute. Halafu, mzee, uwe unautazama ule moshi." Akaonyesha bomba la kiwanda cha unga wa samaki ng'ambo ya uzio. "Siku hizo moshi hupanda kidogo, halafu hugonga kitu usichokiona, ukalala. Hata sauti za mbali husikika karibu."

Akaenda zake. Nilitaka kuichoma karatasi ile. Nikaikunja nikaitia mfukoni pamoja na misumari.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini tarehe nazijua kusoma. Nyumbani nikavuta droo ya cherehani ya mke wangu, ambayo sijaigusa tangu msiba ila siku ya kutafuta sindano, nikatoa lile daftari. Ni daftari la shule, la mistari. Alikuwa anaandika humo yale ambayo daftari la zamu halina nafasi nayo. Nikasoma kwa kidole.

Tarehe ya kwanza ilifanana. Ya pili. Ya tatu. Na hapo chini ya tarehe ya tatu, kwa mwandiko wake ule wa kulala kulia: *Hakuna upepo. Maji kama mafuta kwenye sahani. Moshi wa kiwandani umelala kama shuka. Nasikia mbwa wanabweka, sijui wa wapi.*

Hakuna aliyemfundisha mambo ya tabaka. Aliuona moshi mwenyewe, akauandika.

Ukurasa wa nne nilikuwa naujua. Ndio uliofanya droo ile isifunguliwe. *Taa tatu, zimepangana wima kama vifungo vya shati. Ya katikati imepinduka. Zote zinawaka kwa pamoja, mara mbili, halafu kimya, nahesabu mpaka kumi na mbili, zinawaka tena mara mbili. Nimerudia kuhesabu mara kumi, ni hivyo hivyo. Nimempigia mume wangu karakana apande aone. Amesema chai yake inapoa.*

Ndiyo, nilisema hivyo. Jioni ile simu ya mnarani ililia, akasema, "Fundi wangu, fanya upesi, panda uone, zipo sasa hivi." Nami nikasema, "Ngazi zote hizo kwa ajili ya mataa yako? Chai yangu inapoa." Mluzi alikuwa karibu yangu na wenzake, wakacheka, nami nikacheka nao kidogo. Kisha Muhuri akapita. Tukasimama wote gatini bega kwa bega, tukatazama bahari, hakuna kitu. Akaniuliza, "Wewe mumewe unaona chochote?" Nikasema sioni. Akaniandikisha maelezo. Nikatia sahihi.

Nilishika ukurasa ule kwenye mshono, tayari kuuchana. Zile tarehe tatu zilitosha, si kweli? Binti wa Puto angepata tarehe zake, mimi ningebaki na chai yangu. Lakini kuhesabu kote kulikuwa kwenye ukurasa wa nne. Kurasa nyingine hazina hesabu. Nikakaa na daftari magotini mpaka shingo ikaniuma. Asubuhi nikalipeleka zima.

Kituo cha hali ya hewa ni vyumba viwili na uwanja wenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi. Binti alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akitikisa kichwa. Alipofika wa nne akasimama wima.

"Alihesabu! Mzee, alihesabu!"

Akakimbilia kabatini, akarudi na kitabu kinene chenye jalada la bluu. Akanieleza kwamba kila mnara wa taa duniani una mapigo yake, ili nahodha aujue kama unavyomjua mtu kwa mwendo. Upo unaowaka mara moja, upo unaowaka mara tatu. Kidole chake kikashuka kwenye orodha, kikasimama.

"Mara mbili kila sekunde kumi na tano: tatu za kuwaka, kumi na mbili za kimya. Uko huu mmoja tu upande wetu wote. Rasi ya ng'ambo, nchi ya watu, kilomita tisini na tatu. Siku ya kawaida huwezi kuuona hata ukiongeza mnara wenu mara tano." Akanitazama macho yakimng'aa. "Mke wako alikuwa anasoma taa ya nchi nyingine, mzee. Aliisoma bila kukosea."

Basi ule mkanda wangu wa suruali ukakatika hapo hapo. Hapakuwa na meli wala wizi wa samaki. Wakubwa hawakuwa wanaficha kitu. Walikuwa wavivu tu. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi. Mwizi angalau amekupangia njama.

Halafu nikaona macho ya binti yameshuka kwenye mstari wa mwisho. Akafunga daftari polepole.

"Usifunge," nikamwambia. "Umeshasoma, umesoma."

Tukaenda kwa Muhuri siku hiyo hiyo. Alitukaribisha kwenye viti vya plastiki, yeye akiwa kwenye kile chake cha kuzunguka, akasikiliza habari za mwanga kupinda huku akipanga mihuri yake mezani kama kuku anayekusanya vifaranga.

"Binti yangu," akasema mwishoni, "elimu ni nzuri. Lakini hapa pana faili. Na kwenye faili pana shahidi." Akageuza karatasi. "Soma, fundi. Au nikusomee?"

"Naijua."

"'Nimetazama, sikuona kitu.' Mumewe mwenyewe! Sasa mimi nimwamini nani, puto au mume?"

"Nilikuwa chini."

"Hata mimi nilikuwa chini. Na bahari ni ile ile."

"Siyo ile ile, mkuu," binti akasema. "Ukiwa chini ya tabaka huoni. Lazima uwe kwenye kimo kinachofaa. Ulipaswa kupanda."

"Kwa magoti haya?" Akayapiga makofi magoti yake kama ushahidi. "Leteni hiyo taa niione kwa macho yangu, ndipo tuzungumze."

"Utaiona," nikamwambia. "Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Nikakaa siku nane nikitazama bomba la kiwanda. Watu wa karakana wakasema mzee ameanza. Moshi ulipanda, ukapeperushwa, ukapanda, ukapeperushwa. Siku ya tisa, saa kumi na moja na nusu jioni, upepo ukakatika kama umezimwa kwa swichi. Moshi ukapanda kimo cha mnazi, ukasita, ukalala. Nikatupa spana chini.

Muhuri alikuwa anafunga ofisi. Nilisimama mlangoni.

"Kesho, fundi."

"Kesho puto linaweza kusema vingine. Twende."

Binti naye puto lake lilikuwa limemwambia, alikuwa ameshafika kwa pikipiki. Yeye ndiye aliyemwambia, kwa adabu zote, "Mkuu, leo naandika ripoti ya kituo. Itabidi nitaje kama ulikuwepo au hukuwepo." Muhuri akachukua kofia yake.

Ngazi zile zinapiga kelele. Tulipanda mimi mbele, Muhuri katikati, binti nyuma, jua likiwa limeshazama. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Kwenye ngazi ya arobaini kuna kidirisha. Muhuri akakishika kama mtu aliyemwona ndugu yake.

"Hapa... hapa panatosha." Akachungulia. "Giza tupu. Hakuna kitu. Mnaona? Hakuna kitu."

Nikamwacha hapo na binti, nikapanda hadi juu. Zamu ilikuwa ya Mluzi. Alipokuwa mzee mno kwa kazi ya boti walimpa kiti cha mke wangu. Alikuwa ameketi, darubini kifuani, hapigi mluzi.

Nikatazama baharini. Zilikuwepo. Tatu, wima, kama vifungo vya shati, ya katikati imepinduka. Ziliwaka mara mbili. Kimya. Nikahesabu. Kumi na mbili. Zikawaka mara mbili.

Sikulia, asije mtu akasema nililia. Nilishikwa na hasira mpaka nikashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili.

"Unaziona?" nikamuuliza Mluzi.

"Naziona."

"Zimeanza leo?"

"Mwaka huu mara kumi hivi." Hakugeuka. "Siandiki."

"Huandiki?"

"Aliyeandika alifanywa nini, kaka? Nami nilikuwepo. Nilicheka kuliko wote. Nina watoto mimi."

"Na siku ikiwa ni chombo kweli, watu wanazama?"

"Basi watazama," akasema.

Hivyo ndivyo wakubwa wetu walivyotuwekea usalama. Mwenye macho anakaa kimya asije akaitwa kipofu.

Nikaanza kushuka, jicho kwenye vidirisha, nikihesabu kurudi nyuma. Ngazi ya tisini, taa zote bado zipo. Themanini zipo, zimebaki mbili. Sabini, moja tu, inatetemeka. Sitini na mbili, ipo. Sitini na moja, hamna. Nikapanda moja, ipo. Nikashuka moja, hamna, bahari nyeusi tii. Nikachovya kidole kwenye grisi ya mkononi mwangu, nikapiga mstari ukutani kwenye ya sitini na mbili. Kisha nikainama kumwita.

"Mkuu! Zimebaki ngazi ishirini na mbili."

"Nimeshatazama."

"Umetazama kutoka pale pale ulipotazama siku zote. Ishirini na mbili tu! Mke wangu alipanda tisini na sita kila siku, miaka kumi na minne, akibeba chupa ya chai."

Nikasikia binti anamnong'oneza, "Nimeandika ngazi ya arobaini, mkuu. Niache hivyo?"

Akapanda. Alipanda akitukana polepole, akinitukana mimi, ngazi, na aliyezibuni. Alipofika kwenye mstari wa grisi alikuwa anahema kama mvukuto. Nikampisha. Akatazama. Nikamsikia anahesabu kwa kunong'ona.

Aligeuka akanishika bega. Kwa sauti ya chini, ya ndugu kwa ndugu, akasema, "Sikiliza, fundi. Tusikuze mambo. Faili lile ni la zamani. Kesho nalitoa lote nalichana. Maneno yangu yanapotea, na maelezo yako yanapotea. Hakuna atakayejua mimi niliandika nini wala wewe ulitia sahihi nini. Marehemu anapumzika, sisi tunapumzika."

Naweza kusema nilikataa papo hapo. Nitakuwa nimesema uongo. Nilisimama pale nikaifikiria karatasi ile ikichanwa, sahihi yangu vipande vipande, na ilikuwa tamu.

"Na lile neno, likishachanwa, watu wa gati watajua halikuwa kweli?"

"Watajuaje? Litakuwa halipo."

"Basi usichane," nikasema. "Likate mstari, lisomeke hivyo hivyo, na uandike pembeni kwa nini."

"Na yako?"

"Na yangu."

"Unajiaibisha bure, mzee mzima."

"Toa kalamu."

Tulishuka ofisini wote, na Mluzi naye tukamwita, akaja na daftari la zamu likiwa limeandikwa saa na mapigo ya taa, kwa mara ya kwanza. Muhuri akakata mstari kwenye yale maneno manne. Pembeni akaandika nilivyomtajia: mlinzi alisema kweli, mkuu hakupanda. Kalamu ilimwendea nzito. Hakuomba radhi, wala sikumngojea aombe. Hata leo nikimkuta njiani sijibu salamu yake.

Akafika kwenye karatasi yangu, akaniinulia macho kunipa nafasi ya mwisho.

"Andika," nikamwambia. "Shahidi alikuwa chini. Aliitwa na mkewe. Hakupanda."

Akaandika, akarudisha kofia ya kalamu, akaanza kufunga faili.

"Bado," nikasema. "Piga muhuri na hapo."